Ushuru wa Soda: Utamlinda Nani, Utamkamua Nani?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, mitaa ya Eastlands, Nairobi)



Leo tumekuja na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: ushuru. Tena ni ushuru wa vitu vitamu: soda, juisi za pakiti, peremende, na sukari yenyewe. Tunajua neno hili likitajwa Kayole au Dandora watu hukunja uso. Mwezi wa Juni 2024 vijana wetu waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Wengine hawakurudi nyumbani, na familia zao zinawalilia mpaka leo. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule.

Kwa hiyo hatukuja hapa kuwaambia kwamba kila ushuru ni mzuri. Tumekuja kuuliza swali moja tu: je, upo ushuru ambao mtu wa kawaida wa Eastlands, au ndugu yake aliye kijijini, anaweza kuudai mwenyewe kwa faida yake? Jibu letu ni ndiyo, upo, lakini una masharti. Na masharti hayo tusipoyasema sisi wenyewe, hakuna atakayetusemea.

Tutafuata njia yetu ya siku zote: kuona, kupima, kutenda.

KUONA

Hebu tuanze na chupa moja ya soda, ile ya mililita 300. Soda nyingi za kawaida zina karibu gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Basi chupa hiyo ina gramu 30 hivi, yaani vijiko saba au nane vya chai. Mtu akikuwekea vijiko vinane katika kikombe kimoja cha chai utamwambia, "Ndugu yangu, wataka kuniua?" Lakini ikiwa baridi na ina povu, tunaimaliza na kuagiza nyingine.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo mwili hupata kwa siku, na ni bora zaidi ikipungua hadi nusu ya hapo. Kwa mtu mzima hiyo nusu ni kama gramu 25, vijiko sita tu. Chupa moja imeshavuka. Na bado hatujahesabu chai ya asubuhi, mandazi, na chai ya jioni. Haba na haba hujaza kibaba, na sukari ni hivyo hivyo.

Sukari inayonywewa haishibishi kama chakula. Mtu hunywa soda, kisha anakula ugali wake kama kawaida. Uzito unapanda pole pole. Meno ya watoto yanaoza. Uzito ukizidi kwa miaka mingi, hatari ya presha, ya ugonjwa wa moyo na ya kisukari cha aina ya pili inaongezeka. Tuseme jambo hili kwa uangalifu, wapendwa. Si kila mgonjwa wa kisukari amejiletea ugonjwa kwa kula vitamu. Kuna watoto wanaougua kisukari cha aina ya kwanza, ambacho hakitokani na soda wala keki. Mgonjwa asinyoshewe kidole katika kikundi.

Lakini mambo yamebadilika katika nchi yetu. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu, wa umri wa miaka 15 hadi 49, alikuwa na uzito uliozidi. Zamani tulisema kitambi ni dalili ya mambo kuwa mazuri. Siku hizi kitambi kinaonekana hata katika nyumba ambayo kodi haijalipwa.

Sasa tujiulize: kwa nini watu wetu hunywa soda hivyo? Wengine husema ni ujinga. Sisi hatukubali. Tazameni maisha ya hapa. Maji ya bomba huja kwa zamu, na katika sehemu nyingi tunanunua kwa mtungi wa lita 20. Kuyachemsha kunataka makaa au gesi. Ukifika kibandani una kiu, maji ya chupa na soda bei zake zimekaribiana sana. Kijana wa mjengo akipewa nafasi ya dakika ishirini mchana, mkate na soda vinampa nguvu ya haraka na kazi inaendelea. Mgeni akija, kumpa maji matupu ni aibu. Harusi ni soda, matanga ni soda, harambee ni soda. Soda iko karibu, iko baridi, na mtu haiogopi kama anavyoogopa maji asiyojua yametoka wapi. Kwa hiyo kabla hatujamlaumu mnywaji, tuangalie kwanza amewekewa nini mbele yake.

Na sheria yetu inasemaje? Hapa ndipo wengi hushangaa. Ushuru wa soda si kitu kipya Kenya. Tunaulipa. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 iliweka shilingi 5 kwa kila lita ya maji ya chupa na vinywaji vingine visivyo na kileo. Juisi za matunda ziliwekewa shilingi 10 kwa lita. Viwango hivyo vimepandishwa kidogo kidogo baadaye. Sasa sikilizeni vizuri: maji ya chupa na soda viliwekwa katika fungu moja, kwa kiwango kimoja! Chupa ya mililita 300 isiyo na hata chembe ya sukari, na chupa ya mililita 300 yenye vijiko vinane, zote mbili zilitozwa shilingi moja na senti hamsini. Sheria ilihesabu lita. Sukari haikuiona.

Mwaka 2018 ukaja ushuru wa peremende na vitamu vya aina hiyo, shilingi 20 kwa kilo. Mwaka 2023 sukari inayotoka nje ikawekewa shilingi 5 kwa kilo, na mwisho wa mwaka 2024 ikapandishwa kuwa shilingi 7 na senti 50. Ushuru wa namna hii huipa Serikali mapato, na huifanya sukari ya nje iwe ghali kuliko ya hapa nyumbani. Hayo ni mambo ya hazina na ya viwanda. Lakini haumwambii mwenye kiwanda cha soda apunguze vijiko katika chupa, wala haumletei mtoto wa Korogocho maji safi shuleni.

KUPIMA

Je, ushuru unaweza kweli kubadilisha kitu? Tuangalie wenzetu waliojaribu.

Nchi ya Mexico ilianza tarehe 1 Januari 2014. Iliweka peso moja kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari. Maji hayakuguswa. Katika mwaka wa kwanza ununuzi wa vinywaji hivyo ulipungua kwa asilimia 6 hivi, na kwa familia maskini ulipungua zaidi, karibu asilimia 9. Watu walioupigania ushuru huo walidai pia mabomba ya maji ya kunywa shuleni, maana walijua huwezi kumwambia mtoto aache soda kama hana cha kunywa.

Uingereza ilianza mwezi wa Aprili 2018, kwa njia nyingine. Kinywaji chenye sukari chini ya gramu 5 katika mililita 100 hakilipi. Kuanzia gramu 5 kinalipa, na kikifika gramu 8 kinalipa zaidi. Sheria ilitangazwa miaka miwili kabla ya kuanza. Wenye viwanda wakapiga hesabu zao, wengi wakapunguza sukari kabla ya siku yenyewe. Kati ya mwaka 2015 na 2019 sukari katika vinywaji vilivyohusika ilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Mnaona ujanja wake? Lengo halikuwa kumkamua mnywaji. Lengo lilikuwa kumsukuma mtengenezaji.

Karibu nasi zaidi, Afrika Kusini ilianza pia Aprili 2018. Gramu 4 za kwanza katika kila mililita 100 hazitozwi. Kila gramu inayozidi hapo ilitozwa senti 2.1 za huko. Nao walipima sukari, hawakupima chupa. Huko pia wako wakulima wa miwa, wa KwaZulu-Natal, nao walilalamika, na sauti yao ikasikika katika mjadala.

Na mji mmoja mdogo wa Marekani, Berkeley, uliupigia kura ushuru wa namna hii Novemba 2014. Zaidi ya watu watatu kati ya wanne waliukubali. Pamoja na ushuru wakaunda kamati ya kuishauri halmashauri ya mji jinsi ya kutumia pesa, na sehemu yake ikaenda kwa bustani za shule na mafunzo ya upishi bora. Watu walikubali kulipa kwa sababu waliweza kuuliza, "Pesa zetu ziko wapi?" na kujibiwa.

Sasa tusikie upande wa pili, maana mizani ina vikapu viwili.

Tulipozungumza jambo hili na kikundi kimoja cha kina mama wa mtaa wetu, mama mmoja mwenye kibanda alisimama akasema: "Nyinyi watu wa parokia mnatupenda, tunajua. Lakini kreti mbili za soda ndizo hunilipia karo. Mkinipandishia bei, mtoto wangu mtamsomesha nyinyi?" Watu walicheka, yeye hakucheka. Swali lake ni la haki na halijibiwi kwa mahubiri. Tuliketi naye tukapiga hesabu ya kibanda chake, kitu kwa kitu. Faida yake kwa chupa moja ya soda na kwa chupa moja ya maji ilikuwa karibu sawa. Mteja mwenye kiu atanunua kitu. Kama soda yenye sukari nyingi imepanda, na maji yameshuka kwa kuondolewa ushuru, mama huyu atauza maji. Lakini kama vyote vimepanda pamoja, kama sheria ya 2015 ilivyofanya, mteja ataondoka na yeye atapata hasara. Kwa hiyo riziki ya kibanda inategemea jinsi sheria ilivyoandikwa.

Hoja nyingine: ushuru wa kitu cha kila siku humwumiza maskini kuliko tajiri. Ni kweli. Shilingi kumi za mtu wa Mathare si shilingi kumi za mtu wa Muthaiga. Atakayeendelea kunywa kama zamani atalipa, na kwake malipo yatakuwa mazito. Tusifiche hilo. Lakini tuulize pia ni nani anayelipa ugonjwa. Tajiri hupimwa mapema. Sisi hujua tuna sukari siku ile kidonda cha mguu kimekataa kupona. Kisha ni dawa za kila siku, nauli ya kliniki, macho, figo. Ni vikundi vingapi hapa vimevunja akiba ya mwaka mzima kwa ajili ya mwanachama mmoja aliyelazwa? Huo nao ni ushuru, ingawa hakuna Bunge lililoupitisha. Huja bila risiti, na huchagua nyumba isiyokuwa na kitu.

Na mkulima wa miwa, ndugu zetu wa Magharibi na Nyanza? Wengi wenu mna wazazi huko. Tukumbuke kwamba Kenya kwa miaka mingi imekuwa ikiagiza sukari kutoka nje kwa sababu ya hapa haikutosha. Kiwanda cha Mumias kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na si kwa sababu watu waliacha kuweka sukari katika chai. Mkulima aliumizwa na madeni, na uongozi mbaya, na malipo yaliyochelewa. Asitumiwe kama ngao na watu ambao hawakumkumbuka alipokuwa akidai pesa zake.

Baada ya kupima hayo yote, sisi tunaona ushuru huu unafaa kama umetimiza masharti matatu.

Kwanza, upime sukari, usipime chupa. Kinywaji chenye sukari nyingi kilipe zaidi, chenye kidogo kilipe kidogo, na maji ya kunywa yasilipe kabisa. Mwenye kiwanda apewe muda wa kurekebisha.

Pili, pesa zionekane. Kwa kawaida ushuru huingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali na kuchanganyika na mengine. Lakini Katiba yetu, kifungu cha 206, inaruhusu Bunge kutenga mapato fulani katika mfuko wa kazi maalumu. Jambo hili si geni. Tangu mwaka 1993 kuna mfuko wa kutengeneza barabara unaopata pesa kutoka kwa kila lita ya petroli na dizeli. Kama lami inaweza kuwa na mfuko wake, maji ya kunywa shuleni na kupimwa kisukari bure katika zahanati haviwezi?

Tatu, maji yatangulie, au yaje pamoja na ushuru. Kumpandishia mtu bei ya soda wakati bomba lake limekauka ni kumwadhibu kwa kiu yake.

Bila masharti haya, ushuru wa sukari utakuwa njia moja zaidi ya kuingia mfukoni mwetu, na tutakuwa na haki ya kuukataa.

KUTENDA

Wapendwa, mjadala huu unakuja tutake tusitake. Mwezi wa Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote zitumie ushuru kupandisha bei za tumbaku, pombe na vinywaji vya sukari kwa asilimia 50 au zaidi ifikapo mwaka 2035. Mawaziri wa fedha watapenda sehemu ya mapato. Sehemu ya maji na ya afya itabidi tuikumbushe sisi.

Njia ni hii. Kila mwaka Mswada wa Fedha hupelekwa Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na hupaswa kupitishwa kufikia tarehe 30 Juni. Katikati ya hapo kamati ya Bunge inayohusika na fedha hutangaza magazetini kwamba inapokea maoni ya wananchi. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge litushirikishe, na kifungu cha 201 kinasema mambo ya fedha za umma yawe wazi na wananchi washiriki. Barua ya maoni huandikwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa. Haihitaji wakili. Andikeni jina la kikundi, idadi ya wanachama na mahali mlipo. Tajeni sehemu ya mswada mnayoizungumzia, viwango vya mwaka huo, mnataka ibadilishwe vipi, na kwa nini. Ukurasa mmoja unatosha. Wanachama watie sahihi, au alama ya kidole. Wekeni nakala katika faili ya kikundi, na nyingine mpelekeeni mbunge wenu mkononi, ili siku akija kuomba kura mwulizane vizuri.

Kina mama wa vibanda wawemo katika kuandika barua hiyo. Wao ndio wanaojua bei, tena wanajua mteja hubadilika bei ikifika wapi. Maneno yao yatasikilizwa kuliko ya wataalamu wengi.

Kuhusu maji, katika Nairobi hilo ni jukumu la kaunti na kampuni yake ya maji. Msingoje mwezi wa Aprili. Mwone mwakilishi wa wadi yenu, na mwende kwa bodi ya shule mwulize: watoto wetu wanakunywa nini saa nne?

Kuna mambo mengine yasiyongoja sheria. Katika mikutano ya kikundi, chai iletwe bila sukari na bakuli la sukari likae kando, kila mtu ajiwekee. Maji yaliyochemshwa yawe mezani kabla ya soda, na asiwepo wa kuona haya kumpa mgeni. Wenye vibanda wajaribu kuweka maji, ndizi, machungwa na uji mbele, peremende nyuma. Na tupige hesabu. Tuseme mtu hununua soda ya shilingi 50 kwa siku sita za kazi. Hizo ni shilingi 300 kwa juma, na shilingi 15,600 kwa mwaka. Wengi wetu hatujawahi kuweka akiba kiasi hicho. Hatusemi mtu asionje soda siku ya Krismasi. Tunasema ajue anachokilipia.

Tunawaomba mlipeleke jambo hili katika vikundi vyenu, na wale wanaosoma gazeti hili vijijini wafanye vivyo hivyo, maana lori la soda linafika hata mahali ambapo lori la dawa halifiki. Msikubaliane nasi kwa sababu tumetoka parokiani. Pimeni wenyewe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Katika mtaa au kijiji chetu, chupa ya soda ni bei gani, na maji safi ya kiasi hicho ni bei gani?

2. Mwaka uliopita kikundi chetu kilitoa pesa ngapi kwa wanachama wagonjwa? Ni wangapi walikuwa na kisukari au presha?

3. Ushuru wa sukari ukija, ni nani kati yetu atakayepata hasara, na tutamsaidiaje?

4. Tungepewa pesa za ushuru huo tuamue wenyewe, tungeanza na nini hapa kwetu?

5. Nani ataandika barua yetu kwa Bunge, na itakuwa tayari tarehe gani?